Sauti za kutia moyo ziko mingi, zile za kwetu zinapotelea studioni

Zamani kidogo kareti memwari ya simu ilijazwa nyimbo na mahubiri, basi. Leo kuna kitu cha tatu ndani: vitabu vya kusikiliza na audio za kutia moyo. Mama anayeuza samaki ku soko la Uvira anaweka ekuteri kwa sikio moja, lile lingine linabakia kwa wateja. Mwanamotari wa Butembo anatembea na kabafle kadogo ka bluetooth mbele yake. Mwanafunzi wa Bunia anasikiliza usiku, kuraa ikiisha, mpaka simu inazima. Wanaambiwa nini? Amka mapema. Andika lengo lako kwenye karatasi. Weka pesa pembeni mbele ya kula. Acha marafiki wanaokurudisha nyuma. Ukianguka, simama tena.

Kama audio hizi zinapendwa hivi, si bure. Kitabu ni bei, na duka la vitabu ni la kutafutia tochi, hata mjini. Kingine, vingi viko kwa Kifaransa cha juu, na wakaaji wengi wanaongea Kiswahili tangu asubuhi mpaka kulala. Audio haiombi macho wala meza. Mtu anasikiliza huku anachambua maharage. Na faili ikishaingia kwa simu moja, inatembea kwa bluetooth toka kwa huyu mpaka kwa yule bila kula mega tena.

Lakini wengi wanaosikiliza hawajui maneno hayo yalitokea wapi, na hapo njo pa kuanzia. Kitabu cha Napoleon Hill, kile wasomaji wa Kifaransa wanaita Réfléchissez et devenez riche, kilitoka Marekani katika mwaka wa 1937, wakati nchi ile ilikuwa ingali ndani ya shida kubwa ya uchumi. Mwaka 1956 mtu wa radio, Earl Nightingale, akarekodi maneno ya kutia moyo kwa ajili ya wauzaji wa bima waliokuwa chini yake. Ile rekodi, The Strangest Secret, ikatoka kwenye santuri na kuuzwa sana. Kwa hiyo biashara hii ya kutia moyo kwa sauti ilikuzwa na mtu aliyejua mikro, na watu wa radio wasisahau hilo. Kisha akaja Robert Kiyosaki mwaka 1997 na kitabu cha baba tajiri na baba masikini. Kwa Kiswahili, ni Watanzania kama Joel Nanauka na Eric Shigongo ambao sauti zao zinavuka mpaka bila kuombwa pasipoti.

Wote hao wanaongea kutoka mahali ambapo mambo fulani yako tayari. Ukiambiwa uweke sehemu ya pato lako benki kila mwezi, aliyeandika anahesabu kwamba benki iko wazi. Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Pesa ikabakia kwa simu, na kuitoa kukawa na bei. Ukiambiwa upanue biashara yako, yeye hajaona vizuizi vya njiani ambapo mzigo mmoja wa mihogo unalipiwa mara nne mbele ya kufika soko. Hajui kwamba katika Ituri na Kivu ya Kaskazini kuna mkulima anayejua shamba lake liko wapi, analiona hata kwa macho toka ku kilima, lakini hawezi kufika pale.

Kuna neno moja katika audio hizi ambalo linaumiza zaidi ya kusaidia. Ni lile linalosema kwamba masikini ni masikini juu ya mawazo yake. Mtu wa Marekani mwenye kazi na nyumba anaweza kulisikia kama changamoto. Mama aliyekimbia kijiji mara tatu na watoto mgongoni analisikia kama hukumu. Hapana, hakufukuzwa na mawazo yake. Kumtia moyo ni jambo jema, na wako wengi waliosimama tena kwa sababu ya sauti iliyowafikia wakati mzuri. Kumlaumu ni jambo lingine kabisa, hata kama mziki laini unapigwa chini yake.

Tena kuna wajanja. Audio inaanza na ndoto, inaendelea na ushuhuda, inaishia na namba ya kutumia pesa ili uingie katika kikundi ambacho faida yako inatoka kwa watu utakaowaleta. Wazee wanakumbuka Bindo, kule Kinshasa, mwaka 1990 na 1991: watu waliahidiwa pesa zao kurudi mara kadhaa, wengine wakapeleka mpaka akiba ya nyumba, kisha yote ikaanguka. Kilichobadilika tangu pale ni mlango tu. Leo anabisha kwa WhatsApp, na sauti yake ni tamu.

Dawa ya haya yote si kukataza watu kusikiliza. Dawa ni kuwa na sauti za hapa, zinazojua hapa. Na ziko. Katika miji ya mashariki kuna walimu, wauguzi, wapasta, vijana wa chuo na wamama wa AVEC wanaojirekodi kwa Kiswahili chetu. Mtu akieleza namna likirimba ya wamama kumi na wawili inavyoweza kuishi hata wakiwa kambini, nani anashika sanduku, nani anashika ufunguo, wanafanya nini mwenzao akishindwa kulipa, hilo ni somo ambalo Napoleon Hill hakuwa nalo. Akieleza namna ya kuanza upya na karai moja ya ndizi, anaeleza kitu msikilizaji anaweza kukifanya kesho.

Shida ni kwamba audio hizo hazifiki mbali. Msikilizaji anazifungua, anasikia mziki mkubwa na mtu anayeongea kama yuko ndani ya pipa, anangoja kidogo, kisha anarudia kwa Mtanzania au kwa yule anayesoma kwa Kifaransa safi. Hakukataa maneno. Hakuyasikia. Kwa hiyo mashindano kati ya neno la mbali na neno la hapa yanaamuliwa mbele ya neno lenyewe kusikika, na mahali yanapoamuliwa ni chumba kidogo chenye ordinateri moja na bafle mbili.

Wengi wanafikiri kosa liko kwa mikro. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika studio nyingi ndogo kosa kubwa ni mahali bafle zilipowekwa, zile fundi anazosikilizia anapochanganya sauti na mziki. Chumba ni kidogo, meza imesukumwa kwenye kona, bafle moja iko juu ya kabati, nyingine juu ya kiti karibu na dirisha. Fundi anasikiliza, anaona inafaa, anatuma. Anachosikia si rekodi. Ni rekodi pamoja na ukuta.

Iko hivi. Sauti nzito, ile ya besi, haitoki mbele ya bafle tu, inazunguka pande zote. Ikikuta ukuta inarudi na kujiongeza. Katika kona inakuta kuta mbili na sakafu, kwa hiyo inajiongeza zaidi. Fundi aliyeweka bafle kwenye kona anasikia besi nyingi ambayo haimo katika rekodi, basi anaipunguza. Audio ikitoka pale na kuingia kwa simu, sauti ya msemaji imekuwa nyembamba, inachoma masikio kama ya mtu mwenye mafua. Mwingine anakaa katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo besi fulani zinafutana. Huyo anasikia upungufu, anaongeza. Kwake ni tamu, kwa minibisi ni ngurumo.

Chumba cha mita 3 kwa 3 ni kibaya kuliko vyote, na njo hicho kinachopatikana kwa wingi. Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, mawimbi yaleyale yanajirundika mara mbili. Katika chumba cha namna hiyo ni karibu hertz 57, kisha karibu 114, na hiyo ya pili inaangukia ndani kabisa ya sauti ya mwanaume anayeongea. Ndiyo maana mapasta wengi kwenye audio wanasikika kana kwamba wanavuma.

Kurekebisha hakuombi mfadhili. Kunaomba kamba na nusu siku. Meza itoke kwenye kona na iwekwe katikati ya ukuta mmoja, ili upande wa kushoto na wa kuume ulingane. Bafle mbili na kichwa cha fundi vifanye pembetatu yenye pande tatu sawa. Katika chumba cha mita 3, mita moja kati ya bafle na bafle inatosha, na mita moja toka kila bafle mpaka kichwani. Kichwa chenyewe kikae mita moja na kidogo toka ukuta wa mbele, si katikati ya chumba. Bafle zigeuzwe kidogo kuelekea masikio, na kile kisipika kidogo kinachotoa sauti nyembamba kiwe kimo kimoja na sikio la mtu aliyekaa. Kama bafle ina tundu la pumzi nyuma, lisizibwe na ukuta. Na bafle isilale moja kwa moja juu ya meza ya mbao, maana meza nayo itaimba. Kipande cha sponji ya matela chini yake kinakata ile.

Kisha waya. Bafle zinazofungwa kwa waya mbili zina upande wa kujumlisha na wa kutoa. Ukigeuza kwa bafle moja tu, zinaanza kushindana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Sauti ya msemaji, ambayo ilipaswa kusimama katikati, inatawanyika na kubakia tupu. Fundi anatafuta kosa kwenye programu siku nzima, kumbe ni waya nyekundu na nyeusi.

Neno moja juu ya kartoni za mayai, kwa sababu studio mingi zimezibandika ukuta mzima. Zinapendeza kwenye picha. Zinapunguza kidogo mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi zinapita kama hakuna kitu, na kelele ya jirani nayo inaingia. Mablangeti mazito, matela iliyosimamishwa wima, nguo nyingi zilizotundikwa, vinafanya kazi kuliko. Mahali pa kwanza pa kuviweka ni kwenye kuta za pembeni, pale ambapo rafiki akipitisha kioo ukutani, fundi aliyekaa kwenye kiti chake anaona bafle ndani ya kioo.

Bafle zikishakaa vizuri, linabakia swali la mziki chini ya maneno. Hapo studio nyingi zinapenda kuonyesha kipaji, na msikilizaji njo analipa. Kinachomfanya mtu atofautishe neno na neno ni zile sauti kali za herufi kama s, t, f na k, nyingi ziko juu ya hertz 1,000. Piano na sinteza zinakaa palepale. Simu ndogo nayo haina uwezo wa kutoa besi, kwa hiyo uzito wote ambao fundi alifurahia studioni unabakia studioni, na kinachofika ku soko ni piano ikipigana na msemaji. Mziki ushushwe mpaka fundi aone umepungua sana. Kwa kawaida hapo njo unafaa.

Hata studio kubwa za ulimwengu zilijua shida hii. Yamaha ilitoa mwaka 1978 bafle moja yenye uso mweupe, NS-10, ambayo watu wengi walisema haipendezi sikio. Mafundi waliishika miaka na miaka kwa sababu hiyo hiyo: haikuficha makosa. Hapa kwetu kazi hiyo inaweza kufanywa na simu ya bei ndogo na radio ya betri. Mbele ya kutuma audio, fundi aipitishe kwa simu hiyo, kwa sauti ya chini, akiwa nje karibu na njia ya mota. Neno asilolisikia yeye, mama wa Uvira hatalisikia. Na asijiamini sana kwa kaske, kwa sababu kaske inaweka msemaji ndani ya kichwa, hakuna chumba, hakuna umbali, kila kitu kinaonekana wazi.

Jambo lingine linasemwa kidogo sana. Baadhi ya vijana wanatafsiri kitabu cha mtu aliye hai na kukisoma chote kwa Kiswahili, kisha wanauza kareti. Kitabu kina mwenyewe, na kukisoma kwa mikro bila ruhusa hakukufanyi kuwa mwandishi wake. Tena nguvu hiyo ingetosha kurekodi masomo kumi ya wamama wa AVEC wa mtaa wake, ambayo hakuna mtu mwingine duniani ataleta mbele yake.

Saa ya kurekodi nayo ni siasa ya kuraa. Wengi wanangoja usiku, umeme ukirudi, mota zikipungua na majenereta ya majirani yakinyamaza. Usiku ni mzuri pia kwa sababu msemaji hana haraka na anaongea kama anaongea na mtu mmoja, si na uwanja mzima wa mpira. Kuhusu mvua juu ya mabati, hapo hakuna bafle wala blangeti litakalosaidia. Watu wa studio wanazima mikro, wanangoja ipite.