Mhafidhina Ni Yule Anayehifadhi

Wako viongozi nchini wanaojivunia kuwa wahafidhina katika mambo ya kawi. Hoja yao inajulikana: nchi isiyo na umeme wa kutosha haina viwanda, na isiyo na viwanda haina ajira. Basi mikataba itiwe sahihi upesi, mwekezaji asibughudhiwe, na mwananchi angoje matunda. Athubutuye kuhoji huitwa mpinga maendeleo.

Hatuidharau hoja hiyo. Kiwanda hakiendeshwi kwa mshumaa, na mama anayejifungua usiku katika zahanati ya mashambani hahitaji hotuba bali taa. Lakini neno mhafidhina ni ndugu wa neno kuhifadhi. Twawauliza wenzetu hawa: mmehifadhi nini?

Kumbukumbu zipo. Bwawa la Turkwel, la megawati 106, lilianza kujengwa 1986 bila zabuni ya ushindani, enzi ya Bunge la chama kimoja. Mitambo 365 ya upepo karibu na Ziwa Turkana ilikamilika 2017, ilhali njia ya kufikisha umeme wake Suswa ilikamilika 2018. Fidia ya umeme ambao haukumfikia yeyote ikabebeshwa umma. Oktoba 2024 kampuni ya Adani ilipewa mkataba wa njia za umeme wa takriban dola milioni 736. Mahakama Kuu iliusimamisha mwezi huo huo, na Novemba Rais akaufuta, baada ya mwenye kampuni kufunguliwa mashtaka Marekani.

Huo si uhafidhina. Ni kuweka nchi rehani. Mkataba wa kununua umeme aghalabu hudumu miaka 20 au zaidi. Aliyetia sahihi atakuwa amestaafu kwa marupurupu, na mtoto aliye darasa la kwanza leo ndiye atakayelipa bili. Tena, mitambo mingi ya mafuta hulipwa hata siku ambayo umeme wake haukuhitajika.

Wahafidhina wa kweli tunao. Huko Olkaria, uchimbaji wa visima ulianza 1956 na umeme ukapatikana 1981: robo karne ya subira. Leo mvuke wa ardhini hutoa umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote nchini. Hauagizwi kwa meli, wala haupandi bei vita vikizuka ng'ambo. Hata hapo, jamii za Wamaasai zilizohamishwa bado zastahili kusikizwa. Wakazi wa Lamu nao walipinga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni yake kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Walioilinda bahari yao na mji wao wa kale waliitwa wakorofi. Sisi twawaita wahifadhi.

Sheria haijanyamaza. Kifungu cha 201 cha Katiba ya 2010 chaagiza kwamba mizigo na manufaa ya matumizi ya rasilimali na mikopo ya umma yagawanywe kwa haki baina ya kizazi hiki na vijavyo. Kifungu cha 35 chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Vifungu hivi havikudondoka na mvua: wako waliowekwa kizuizini, na wako waliokufa, ili viandikwe.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Kila mkataba wa umeme uchapishwe kabla ya kutiwa sahihi, pamoja na bei, muda na majina ya wenye hisa. Bunge liujadili hadharani. Na watakaoishi kando ya mtambo wasikizwe kwanza, si baada ya tingatinga kufika.

Wahenga walinena, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, mwandikie mbunge wako umwombe akuonyeshe daftari. Akikwambia ni siri, muulize ni siri ya nani, ilhali mlipaji ni wewe.