Albamu nne za 2024, na moja ya zamani, za kusikilizwa na nyumba nzima

Usinge, wilayani Kaliua mkoani Tabora, nyimbo mpya hufika kwa njia mbili. Ya kwanza ni bando la simu. Ya pili ni kibanda cha kuchajia simu, ambako kijana mwenye kompyuta hurusha nyimbo kwenye memori kadi kwa malipo kidogo. Kwa njia zote mbili mzigo ni uleule: Bongo Fleva inayotamba wiki hiyo, nyimbo za asili za Kisukuma, kwaya na singeli za kwenye sherehe.

Hakuna ubaya katika hilo. Shida huanza mtoto anapopewa simu na spika za masikioni, akajifungia nazo chumbani. Mzazi hajui mtoto anasikiliza nini, na hajui anasikiliza kwa sauti ya kiasi gani. Dawa ya yote mawili ni moja, nayo ni rahisi: chomoa waya, weka simu au redio sebuleni, sikilizeni wote.

Ili jambo hilo liwezekane, unahitajika muziki ambao mama, baba, bibi na watoto wanaweza kuukalia pamoja bila mmoja kuona aibu au kuchoka. Hapa chini kuna albamu nne zilizotoka mwaka 2024 na moja ya miaka ya nyuma. Hazipigwi sana redioni, na nyingi zimetolewa na lebo ndogo. Zote zina uhusiano na Afrika Mashariki.

Kwanza, masikio

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), zaidi ya vijana bilioni moja wenye umri wa miaka 12 hadi 35 wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza muziki na sauti nyingine za burudani kwa sauti kubwa. Shirika hilo linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto kiwango ni desibeli 75 kwa saa hizohizo.

Desibeli zinadanganya. Kila zinapoongezeka tatu, muda salama hupungua kwa nusu. Mtu mzima anayeruhusiwa saa 40 kwa desibeli 80 hubaki na saa nne tu kwa wiki akifika desibeli 90. Mtoto anayelala na spika masikioni huku sauti ikiwa juu anaweza kuimaliza posho ya wiki nzima kwa usiku mmoja.

Ndani ya sikio kuna seli zenye vinyweleo vidogo sana ambazo hugeuza mtetemo wa sauti kuwa taarifa ya kwenda kwenye ubongo. Zikifa hazioti tena. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa mtumiaji wa simu ni kutopandisha sauti zaidi ya asilimia 60 ya uwezo wake.

Nyimbo zilipita hapa zamani

Wazo la kusikiliza muziki wa mbali si geni Usinge. Mji huu uko kwenye Reli ya Kati, kati ya Kaliua na Nguruka. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Ugogo, ikapumzika Unyanyembe, yaani Tabora, kisha ikaendelea magharibi hadi Ujiji. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na walitembea wakiimba. Wimbo ulioanzia pwani ungeweza kufika ziwani kabla ya kitambaa kilichobebwa kichwani.

Baadaye Tabora ilikuwa na bendi zake: Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Bibi na babu wengi wa mkoa huu bado wanazikumbuka. Kwa hiyo mzazi anayefungua albamu ngeni sebuleni anaendeleza mazoea ya nyumbani.

1. The Zawose Queens, *Maisha*

Hii ndiyo ya kuanzia. Pendo Zawose na Leah Zawose ni mtoto na mjukuu wa Hukwe Zawose, Mgogo aliyeufikisha muziki wa kwao duniani kote na kufariki mwaka 2003. Familia hiyo kubwa inaishi Bagamoyo. Yaani ni watu wa Ugogo walio mwanzoni mwa njia ileile ya misafara.

Kwa miaka mingi wanawake wa ukoo huo waliimba nyuma ya wanaume. Katika *Maisha*, iliyotolewa na Real World, lebo iliyoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel, wanawake wawili wamesimama mbele. Utasikia ilimba, zeze na ngoma, na sauti zinazopandiana kama watu wanaopokezana mzigo. Chini yake kuna vyombo vya kisasa vilivyowekwa kwa kiasi, na havimezi ngoma.

Kwa watoto, hasa wa kike, hapa kuna somo lisilohitaji hotuba. Wagogo wana ngoma za muheme, ambazo wapigaji wake ni wanawake. Mtoto wa kike anayeambiwa kwamba ngoma si kazi yake asikie albamu hii, kisha apewe ndoo na vijiti viwili.

Inafaa jioni, chakula kikiwa jikoni. Watoto wa umri wowote.

2. Sisso & Maiko, *Singeli Ya Maajabu*

Wazazi wengi wakisikia neno singeli hushtuka, na wana sababu: baadhi ya mashairi yake hayafai mbele ya watoto. Albamu hii ni tofauti kwa kuwa mzigo umebebwa na kinanda na kompyuta kuliko maneno. Sisso ni prodyuza wa Dar es Salaam ambaye studio yake ya Mburahati imelea vijana wengi wa singeli. Lebo iliyoitoa ni Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo tangu mwaka 2017, ilipotoa mkusanyiko wa *Sounds of Sisso*, imekuwa ikiupeleka muziki huu nje ya nchi.

Kasi yake ni kubwa. Singeli huweza kuvuka mapigo 200 kwa dakika, na kinanda kinaruka kama katuni. Bibi anaweza kuomba ipunguzwe, na hapo atakuwa amesema jambo la kitabibu.

Matumizi yake bora ni kucheza. WHO inashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Msimu wa mvua, uwanja ukiwa tope, nyimbo tatu za albamu hii zitawatoa jasho watoto wote wa nyumba. Sogezeni viti, na sabufa isiwe karibu na mtoto mchanga.

3. Arsenal Mikebe, *Drum Machine*

Mikebe ni neno ambalo halihitaji kufafanuliwa. Arsenal Mikebe ni kundi la wapiga ngoma wa Kampala, na chombo chao ni mkusanyiko wa vyuma vilivyoundwa ili watu kadhaa wavipige kwa pamoja. Wanaiga kwa mikono yao kile ambacho prodyuza hukipata kwa kubonyeza kitufe.

Mtoto akiambiwa kwamba anachosikia ni watu wenye mikono na jasho, si kompyuta, husikiliza tena kwa makini. Usinge hakuna uhaba wa madebe, sufuria zilizotoboka na vipande vya bati. Waachieni kazi hiyo nje ya nyumba, mchana, na kwa muda mfupi. Chuma kinachogongwa karibu na sikio huumiza kuliko redio.

Inawafaa zaidi watoto wa miaka saba na kuendelea. Wadogo huweza kuogopa baadhi ya milio.

4. KMRU, *Natur*

Hii ni ngumu kuliko zote, na si kila nyumba itaipenda mara ya kwanza. KMRU ni Joseph Kamaru, kijana wa Nairobi anayeishi Berlin. Ana jina la babu yake, Joseph Kamaru, mwanamuziki maarufu wa Kikuyu aliyefariki mwaka 2018, na mjukuu amekuwa akizirudisha sokoni nyimbo za babu.

*Natur* ni kipande kimoja cha zaidi ya dakika 50. Hakuna kuimba wala ngoma. Kuna milio ya umeme wa mji, ile ambayo sikio halisikii bila kifaa maalumu, na kuna sauti za mazingira. Msanii alianza kuifikiria kazi hii baada ya kuhama Nairobi na kuona tofauti ya kelele na ukimya wa miji miwili.

Kwa nini impendekezwe mzazi wa Usinge? Kwa sababu ni mchezo mzuri wa kusikiliza. Zimeni taa, wekeni dakika kumi tu, kila mmoja ataje anachosikia: upepo, nyuki, treni ya mbali, redio iliyopoteza mawimbi. Hakuna jibu sahihi. Baadaye zimeni simu, msikilize usiku wenyewe. Nyumba iliyo karibu na stesheni na nyumba iliyo karibu na mashamba ya tumbaku hazisikii usiku mmoja.

5. Ya zamani: Tanzania Albinism Collective, *White African Power*

Albamu hii ilitoka mwaka 2017, lakini inastahili kurudiwa katika mkoa huu. Ilirekodiwa kisiwani Ukerewe na watu wenye ualbino, wengi wao wakiwa hawajawahi kushawishiwa na mtu yeyote kuimba. Waliimba kwa Kiswahili, Kikerewe na Kijita kuhusu upweke na kutengwa. Mwaka huohuo walisafiri kwenda kutumbuiza katika tamasha la WOMAD nchini Uingereza.

Nyimbo ni fupi na sauti hazijapambwa. Nyingine zinasikika kama mtu anayejisemea peke yake. Kanda ya Ziwa na Magharibi inajua vitisho ambavyo watu wenye ualbino wamepitia, na watoto wanayasikia hayo kwa minong'ono ya shuleni. Ni afadhali wasikie sauti za wenyewe, mzazi akiwa pale wa kujibu maswali. Ualbino ni hali ya kurithi ambayo mwili hautengenezi rangi ya kutosha. Hauambukizi. Anachohitaji mtoto mwenye ualbino ni kofia pana, nguo za mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua, kiti cha mbele darasani kwa sababu ya macho, na marafiki.

Isikilizwe na watoto wanaoweza kuuliza, yaani wa darasa la nne na kuendelea.

Bando lisiishe

Saa moja ya sauti ya ubora wa kati hula takribani MB 60. Video ya wimbo huohuo hula mara kadhaa ya hapo. Kwa hiyo tafuteni sauti badala ya video. Albamu nyingi za lebo ndogo hupatikana Bandcamp, ambako mara nyingi unaweza kuzisikiliza kabla ya kununua. Anayeweza kununua hata moja afanye hivyo, kwa kuwa wasanii wa aina hii hawana matangazo ya soda ya kuwalipa.

Sababu nyingine ya kusikiliza pamoja

Mtoto asiyesikia vizuri mara nyingi huitwa mkaidi. Anaitwa mara tatu haitikii. Darasani hukosea imla, na nyumbani huongeza sauti ya televisheni hadi majirani wasikie. Wapo wanaochapwa kwa kiburi ambacho hawana.

Muziki ukiwa sebuleni kwa sauti ya chini, tofauti hujitokeza yenyewe. Yuko anayesogea hadi kwenye spika, na yuko anayegeuza sikio moja tu. Katika mchezo wa *Natur*, mmoja anaweza kukosa mlio ambao wenzake wote wameutaja. Huo si uchunguzi wa daktari, lakini ni sababu ya kutosha ya kumpeleka kituo cha afya kabla ya kumpeleka kwa fimbo.

Dalili nyingine ni sikio linalolia kama nzi, maumivu, au usaha. Usaha uliotoka kwa siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu, na usipotibiwa unaweza kuharibu usikivu. Usimwagie sikio mafuta ya kupikia, maziwa ya mama wala maji ya majani, na usichokonoe kwa njiti. Zahanati au kituo cha afya kitaanza matibabu, na ikibidi kitatoa rufaa ya hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mjini Tabora.

Jumapili hii, wekeni *Maisha* kwa sauti ambayo bado inawaruhusu kuzungumza bila kupaza. Kisha angalieni ni mtoto gani amesogea karibu.