Kitovu cha Gurudumu la Nyuma

Mtu anayetaka kuundiwa gurudumu jipya la baisikeli aghalabu huanza kwa kutazama rimu, maana rimu ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoonekana ikiwa imepinda. Kisha huulizia bei ya spoki. Kitovu, ambacho mafundi wengi hukiita habu, hukumbukwa mwisho kabisa. Hapo hununuliwa kile kilicho rahisi, ama hurudishwa kile cha zamani bila hata kufunguliwa. Huko ni kuianza kazi kwa nyuma. Rimu ikigonga jiwe na kupinda hubadilishwa. Spoki ikikatika hutiwa nyingine kwa fedha kidogo. Bali habu njema, ikipata grisi kwa wakati wake, huweza kumaliza rimu mbili au tatu. Tena habu ndiyo inayoamua mambo mengine yote: gurudumu litakuwa na spoki ngapi, za urefu gani, litachukua gia ngapi, na pengine hata breki itakuwa ya namna gani.

Mathalani yuko mkulima akaaye juu ya ukingo wa milima ya Nandi, pale barabara inapoanza kuteremka kuelekea uwanda wa Kano. Kila asubuhi hufunga kwenye keria madebe mawili ya maziwa, ya lita 20 kila moja, akashuka nayo kwa wanunuzi walio chini. Siku ya soko huchukua gunia zima la mahindi, kilo 90. Katika muda wa mwezi mmoja spoki za gurudumu lake la nyuma zilikatika mara tatu, na mara zote tatu zilikatika upande wa kulia, mahali zinapojikunja kuingia katika habu. Mara ya tatu alifika kwa fundi akiwa amelowa maziwa, na mnunuzi alikuwa amekwisha ondoka.

"Fundi," akasema, "umeniuzia spoki mbovu."

"Hapana, mzee. Spoki hizi hazina kosa. Ulitoa wapi habu hii?"

Mkulima akaeleza kwamba aliinunua kwa bei nafuu, imetolewa katika baisikeli ya mashindano iliyovunjika, nayo ilikuwa nyepesi na ya kupendeza. Ilikuwa imeundwa kuchukua sproketi sita. Yeye alifunga moja tu, maana baisikeli yake ni ya kazi, ile kubwa nyeusi ambayo Wakenya huiita Black Mamba.

Hapo ndipo palipokuwa na ubaya. Habu ya sproketi nyingi huhitaji nafasi upande wa mnyororo, kwa hiyo kile kisahani cha kulia chenye matundu ya spoki husogezwa ndani. Lakini rimu nayo sharti ikae katikati ya fremu. Basi spoki za kulia husimama karibu wima na kukazwa kwa nguvu nyingi, na zile za kushoto hulala na kubaki zimelegea. Gurudumu la namna hiyo lamfaa kijana apitaye katika lami akiwa hana mzigo. Likiwekewa kilo 90, upande mmoja ndio unaofanya kazi ya pande mbili. Habu ya sproketi moja haina shida hii, kwani visahani vyake viwili huachana sawasawa na kwa nafasi pana, na spoki zote hukazwa karibu kwa nguvu moja.

Wengi hudhani kwamba spoki hukatika kwa kuzidiwa na mzigo mara moja, kama kamba inavyokatika. Si hivyo. Gurudumu la inchi 28 huzunguka karibu mara 450 katika kilometa moja, na katika kila mzunguko spoki iliyo chini hulegea kidogo, kisha ikakazika tena. Safari ya kilometa 20 ni kulegea na kukazika mara 9,000. Ni sawa na mtu anayekunja waya huku na huku kwa vidole mpaka ukatike. Spoki iliyokazwa vizuri husogea kidogo tu. Iliyolegea husogea sana. Na ikiwa tundu la habu limelika likawa na umbo la yai, au kisahani ni chembamba mno, lile kunjo la spoki halina mahali pa kuegemea, nalo hufa mapema. Fundi mwangalifu huiegemeza kwa kutia kiwasha kidogo cha shaba chini ya kichwa cha spoki. Jambo hili huchukua muda, na wako mafundi wasiolipenda.

Fundi huyu alimwonyesha mkulima kasoro ya pili. Alifungua nati, akaitoa ekseli, akaiviringisha juu ya kipande cha kioo. Ekseli ilikuwa ikichezacheza, imepinda. Katika habu za friwili ya kufunga kwa hesi zenye sproketi nyingi, gololi za kulia zimo ndani, mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki kikining'inia bila kitu cha kukishika. Mzigo mkubwa hukipinda, na siku moja hukivunja. Kampuni ya Shimano ya Japani ilitafuta dawa ya jambo hili mwaka 1978, kwa kutoa habu ambayo friwili ni sehemu ya habu yenyewe na gololi za kulia zimesogezwa nje, karibu na fremu. Ni dawa ya kweli, lakini habu za namna hiyo huwa na upana wa milimita 130 au 135 kutoka nati hadi nati, hali fremu nyingi za baisikeli za kazi zina nafasi ya milimita 110 hadi 120 tu. Wako wanaoitanua fremu kwa nguvu ili habu iingie. Fremu ya chuma huvumilia kutanuliwa kidogo, lakini ikitanuliwa ovyo gurudumu hukaa upande na mnyororo hutoka kila mara. Yafaa kupima nafasi ya fremu kwa rula kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kadhalika yafaa kuhesabu matundu. Baisikeli za kazi za mtindo wa Kiingereza, pamoja na zile zilizotengenezwa India kwa mfano huo, zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Habu nyingi nyingine zina matundu 36 au 32. Habu ya matundu 36 haiendi na rimu ya matundu 40, ijapokuwa wapo mafundi watakaoacha matundu manne matupu na kuapa kwamba gurudumu ni zima. Unene wa spoki nao utazamwe. Spoki ya kawaida ina milimita 2. Za mizigo huwa na milimita 2.3 au 2.6, nazo haziingii katika tundu lililotobolewa kwa ajili ya ile nyembamba.

Basi mkulima akasema kwamba, kama habu ni ya kubadilisha, apewe ile yenye breki ndani, ambayo mtu akikanyaga pedeli kwa nyuma gurudumu hushikwa. Alikuwa ameziona kule Kano. Hazina waya wala vyuma vya kukatika, na mvua haizidhuru. Neno lake lilikuwa na maana, kwani rimu ya chuma yenye kung'aa ikilowa huteleza, na breki za mpira hupoteza nguvu nyingi, naye hushuka kilima wakati wa masika. Hata baisikeli za Buffalo, ambazo shirika la World Bicycle Relief limezieneza katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, na ambazo keria yake imeundwa kwa kilo 100, zimetumia breki ya namna hiyo.

Fundi akamwuliza swali moja: "Mteremko wako, mzee, huchukua dakika ngapi bila kupumzika?"

Nguvu ya baisikeli inayoteremka haipotei hivi hivi. Breki huigeuza kuwa moto. Ikiwa breki i katika rimu, moto huo huenea katika duara kubwa ambalo hupigwa na upepo. Ikiwa i ndani ya habu, moto wote hukaa katika kikopo kidogo kisichozidi ngumi ya mtu, nacho kimejaa grisi. Katika mwaka 1976, vijana wa Marin, California, walianza kushindana kushuka mlima kwa baisikeli nzito za zamani zenye breki za namna hii. Kila walipofika chini grisi ilikuwa imekwisha ungua na kutoka moshi, ikawalazimu kuzifungua habu na kuzijaza grisi upya. Kwa ajili hiyo mashindano yenyewe waliyaita Repack, yaani kujaza tena. Hao walikuwa vijana wasio na mzigo. Mtu mwenye kilo 90 nyuma yake, akiona breki inalegea katikati ya mteremko, hana nafasi ya kufungua habu. Na mnyororo ukikatika au ukitoka, breki hiyo haipo kabisa.

Kwa mkulima wa Ahero, ambaye nchi yake ni tambarare na mvua yake ni nyingi, habu yenye breki ndani ni nzuri kuliko zote, mradi mkono wake wa chuma ufungwe imara kwenye fremu, na breki ya mbele isikosekane. Kwa mtu wa ukingo wa Nandi si hivyo. Yeye amefaa zaidi kuwa na habu ya sproketi moja yenye friwili, pamoja na breki mbili za rimu, na siku ya mvua ashuke chini aikokote baisikeli mahali palipo pakali. Mkulima hakuyapenda maneno haya. Mnunuzi wake hangoji. Lakini alikuwa bado ananuka maziwa ya asubuhi ile, akanyamaza.

Wakati huo alikuwako pia karani wa ofisi ya serikali, akitafuta habu ya gia tatu kwa ajili ya safari yake ya kwenda kazini. Kwake fundi alitoa shauri jingine, na ni haki, kwa kuwa karani hachukui kitu ila mkoba. Habu ya gia tatu iliyo maarufu ni ya Sturmey-Archer, kampuni iliyoanzishwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1902. Aina yake iitwayo AW ilitoka mwaka 1936, na gia zake zote zimo ndani, hazipati vumbi wala matope. Gia ya kati ni ya kawaida. Ya chini hupunguza mwendo kwa robo, na ya juu huuzidisha kwa theluthi. Nyingi za zamani zimechongwa mwaka wake juu ya habu, hata mnunuzi aweza kuujua umri wake bila kumwamini muuzaji. Matone machache ya mafuta kila mwezi huziweka hai miaka mingi sana. Karakana ya Nottingham ilikoma mwaka 2000, na jina likanunuliwa na SunRace ya Taiwan, ambayo imeendelea kutengeneza habu hizo.

Mambo mawili yaangaliwe. Waya wa gia ukilegea, habu za AW za zamani hupata nafasi tupu kati ya gia ya pili na ya tatu; mpandaji aliyesimama juu ya pedeli huanguka mbele ghafula. Na ndani mna vipuri vingi vidogo. Kama hakuna fundi wa karibu anayejua kuzirudisha mahali pake, karani atatembea kwa miguu siku ambayo mwenye sproketi moja anapita kwa baisikeli. Karani alisema atafikiri.

Mkulima aliletewa habu mbili. Moja ilikuwa na beringi zilizofungwa, laini sana kwa kuzungushwa, ila zikiisha hutolewa na kutiwa kwa chombo maalumu. Ya pili ilikuwa ya koni na gololi, matundu 40, visahani vinene. Fundi alichagua hii ya pili, kwani koni na gololi hupatikana katika maduka ya sokoni, na mkulima mwenyewe aweza kuifungua kwa spana mbili nyembamba. Kwanza alizitazama koni mwangani, kama hazina vishimo. Akatia gololi za robo inchi, 9 kila upande, katika grisi mpya.

Spoki hakuzikata mpaka habu ilipokuwa mkononi mwake, maana kisahani kikubwa huhitaji spoki fupi na kidogo huhitaji ndefu. Milimita chache zikipungua spoki haishiki hesi vya kutosha. Zikizidi ncha yake hutoboa tyubu. Alizisuka kwa kupishanisha kila spoki na nyingine nne, kama ifaavyo kwa spoki 40, akazikaza kidogo kidogo kwa zamu hadi zikatoa sauti moja zilipogongwa.

Mwisho alilifunga gurudumu katika fremu, akaliinua kutoka chini, akaliacha bila kulisukuma. Likazunguka polepole kwa uzito wa vali tu, likaenda huku na huku, mpaka vali ikasimama chini. Mkulima akaambiwa afanye vivyo hivyo nyumbani kila mwisho wa mwezi, na siku ambayo gurudumu litakataa kuzunguka, azilegeze koni robo ya mzunguko kabla ya kufunga madebe.