Mbele ya kununua bafle kubwa, pangeni kwanza zile ziko mu nyumba

Kutoka Katuba ku Lubumbashi mpaka Kikula ku Likasi na Manika ku Kolwezi, mu avenue nyingi leo mutakuta chumba kimoja chenye kugeuka studio. Kitanda kimetoka, meza imeingia: kompyuta moja, mikro moja, bafle mbili. Watoto wanaimba nyimbo za Mungu, rumba, rap. Sisi hatukatai. Mutoto mwenye kulala mu studio hayuko mu pombe, wala hashuke mu shimo ya karieri usiku bila kofia.

Lakini kuko neno tunataka kusema na wazazi, zaidi wale wenye kurudia ku kazi na mushahara mu mufuko. Mutoto anakuja: "Papa, lwimbo haitoke muzuri juu bafle iko kadogo. Unipatie franga ninunue ya nguvu." Papa, kwa kupenda mutoto, anatoa. Tunajua nyumba moja kwenye nusu ya dekonti finali ya muzee iliishia mu bafle mpya. Miezi tatu nyuma, nyimbo zilikuwa zinatoka paka mubaya vile vile. Chumba kilikuwa kile kile, na bafle zilikuwa zinakaa paka mu kona pa ile fasi ya zamani.

Bafle ya studio si kama ile ya bar. Ile ya bar kazi yake ni kufurahisha watu. Ile ya studio kazi yake ni kupima. Kreseri anasikia hii neno upesi: mizani yenye kudanganya inakula kazi ya juma muzima, hata kama madini ilikuwa ya muzuri. Njo vile na bafle. Kama mu chumba inaonyesha sauti nzito kuwa mingi kupita kweli, mutoto anaipunguza. Anafurahi, anapeleka wimbo mu taksibisi: sauti nzito hakuna, wimbo umekuwa maji. Hakukosa masikio. Alipimia ku mizani ya uongo.

Na mwenye kudanganya, mara nyingi, ni chumba. Nyumba zetu ni za matofali ao bloke, chini ni siment, juu ni tole. Vyote vigumu. Sauti inapiga ukuta, inarudia, inakutana na ile yenye kutoka mu bafle. Fasi moja zinajumlishana, fasi ingine zinauana. Mu chumba cha metre 4 ya urefu, sauti yenye kutetemeka mara 43 hivi kwa sekonde inavimba pembeni ya kuta na kupotea katikati. Ile sauti iko karibu na kamba ya chini kabisa ya gita ya bas. Mwenye kukaa katikati hasikie bas. Mwenye kuegemea ukuta wa nyuma anasikia bas mingi ya uongo. Hata bafle ya bei gani haiwezi kuponyesha ile. Bafle kubwa yenye kutoa bas mingi, mu chumba kidogo, inaweza hata kuzidisha ubaya.

Basi watoto wafanye nini? Kazi ya siku moja, karibu bure.

Watoe bafle mu kona, juu kona inavimbisha sauti nzito. Waziangalishe ku urefu wa chumba, si ku upana. Bafle ya kushoto na ya kuume ziwe na umbali sawasawa na kuta za pembeni. Kama moja iko karibu na ukuta na ingine karibu na mulango wenye kufunguka, hazitasema neno moja. Kisha wapime na kamba: kutoka bafle mpaka bafle, na kutoka kila bafle mpaka ku kichwa cha mwenye kusikiliza, umbali uwe mumoja. Metre moja inatosha. Ile kidude kidogo chenye kutoa sauti nyembamba kiwe sawa na masikio, kisiangalie tumbo. Kama meza ni ya chini, waweke tofali chini ya bafle, na kipande cha kaucho katikati, ili meza isitetemeke.

Kiti kisikae katikati kabisa ya urefu wa chumba. Mu chumba cha metre 4, waanze na metre moja na nusu kutoka ukuta wa mbele, kisha wasogeze kidogo kidogo, huku wanacheza wimbo wenye wanajua muzuri, mpaka bas itulie.

Kisha kioo. Mumoja akae ku kiti, mwingine apitishe kioo ku ukuta wa pembeni. Pale mwenye kukaa anaona bafle ndani ya kioo, njo pale sauti inaruka na kumufikia. Pale waweke kitu kinene: matela ya zamani, blanketi zenye kukunjwa, nguo zenye kutundikwa. Makatoni ya mayai yenye watoto wanabandika ku kuta karibu haisaidie kitu; ni mepesi sana.

Sasa tufike ku neno lenye kutuuma zaidi. Mu nyumba hizi kuko mutu mwenye kutoka posti ya usiku, mwenye kulala saa nne ya asubuyi wakati mutoto anapiga miziki. Kuko pia wazee wenye masikio iliachwa ku mashini ya kutoboa mawe. Leo ukiwaita, wanaangalia mudomo. Wataalamu wa afya ya kazi wanahesabu hivi: ku desibeli 85, sikio linavumilia saa 8 kwa siku. Ukiongeza desibeli 3 tu, ile saa inakatika nusu. Mutoto mwenye kupandisha sauti mpaka chumba kutetemeka, kila siku, anafuata njia ya baba yake bila kulipwa. Matela ku ukuta haizuie sauti kwenda kwa jirani. Inatuliza tu ile ya ndani. Dawa ya jirani na ya mulala-muchana ni moja: kushusha sauti. Na bafle zenye kupangwa muzuri, metre moja na kichwa, zinasikika wazi hata ukizungumuza bila kulalamika juu yazo.

Watoto watatuambia: "Bazee, mambo ya zamani ile." Sawa, tuongee zamani. Mu 1952, Hugh Tracey alirekodi Mwenda Jean-Bosco ku Jadotville, Likasi ya leo. Gita moja, sauti moja, machini moja ya wakati ule. Wimbo "Masanga" ukatoka kwetu ukajulikana mbali ku Afrika na ngambo. Tracey alijulikana kwa kuchunga sana fasi ya mikro yake. Hatusemi machini haina maana. Tunasema fasi ya machini inakuja mbele ya ukubwa wake.

Kwa hiyo wazazi, mutoto akiomba franga ya bafle, musimukatalie upesi, musimupatie upesi. Ingieni mu chumba, mukae ku kile kiti chake, musikilize. Mumuulize: umeitoa mu kona? Umepima na kamba? Umepitisha kioo? Kama amefanya yote, na bado anaona upungufu, hapo anastahili kusaidiwa, na atajua vile franga inatumiwa. Kama hajafanya, muamushe kaka yake, wasogeze meza pamoja leo. Mushahara wa shimo ni muzito. Usitoke mu nyumba mbele meza haijasogezwa.