Mtego wa kompyuta kuukuu kwa wapenzi wa michezo mashinani

HATUA ya Microsoft kusitisha huduma kwa mfumo wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025 ilizipa ofisi nyingi ulimwenguni sababu ya kuachana na kompyuta ambazo bado zinafanya kazi.

Windows 11 haivitambui rasmi vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane, isipokuwa vichache mno. Mashine za aina hiyo, zikiwemo Dell OptiPlex na HP EliteDesk, huuzwa kwa mtumba jijini Nairobi.

Kwa kijana wa Tseikuru, eneobunge la Mwingi Kaskazini katika Kaunti ya Kitui, hiyo yaweza kuonekana neema. Atanunua mashine kwa bei nafuu, atie kadi ya michoro, kisha acheze michezo ya kisasa. Lakini hesabu hiyo ina kasoro ambayo muuzaji hana haja ya kuitaja.

Mashine ya ofisi haikuundwa ili ipanuliwe. Nyingi za kasha jembamba huwa na pawa saplai ya kati ya wati 180 na 240 pekee. Kadi ya RTX 3060 peke yake hutumia wati 170, na watengenezaji wake, Nvidia, hupendekeza pawa saplai ya wati 550.

Mnunuzi atasema atabadilisha pawa saplai. Hapo ndipo mtego unapofyatuka. Dell na HP hutumia plagi zao wenyewe kwenye madabodi za mashine hizi, badala ya ile ya kawaida yenye pini 24. Ile ya dukani haiingii bila kiunganishi maalumu, na mara nyingi hata kasha lenyewe haliitoshi.

Kinachosalia ni kadi ndogo inayotosheka na wati 75 ambazo nafasi ya madabodi hutoa. GTX 1050 Ti ya mwaka wa 2016 ni mojawapo. GTX 1650 ya 2019 pia, ila baadhi ya matoleo yake hudai waya wa ziada wa umeme, ambao mashine hizi aghalabu hazina. Kadi mbili zenye jina moja, moja itafaa na nyingine itabaki pambo.

Kichakataji nacho kina ujanja wake. Vya Intel vya kizazi cha sita hadi cha tisa huketi kwenye soketi ya LGA 1151, lakini madabodi za kizazi cha sita na cha saba haziviwashi vya kizazi cha nane na cha tisa. Kinaingia vizuri, ila mashine haiwaki. Afadhali kumbukumbu: DDR3 haiingii kabisa mahali pa DDR4, na kosa huonekana papo hapo.

Aliye Nairobi hukosea leo na kurudi dukani kesho. Wa Tseikuru yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka jijini, kupitia Mwingi, na si ajabu risiti yake iwe na onyo kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nauli ya kwenda na kurudi ni sehemu ya bei ya kadi isiyofaa.

Isitoshe, kosa la kumbukumbu limekuwa ghali. Bei zilipanda mno mwishoni mwa 2025 viwanda vilipoelekeza nguvu kwa vituo vya akili unde. Desemba mwaka huo, Micron ilitangaza kuiacha biashara ya Crucial, chapa iliyowauzia wananchi wa kawaida kwa miaka mingi.

Hata michezo yenyewe imeanza kubagua. Call of Duty: Black Ops 7, iliyotoka Novemba 2025, hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ambayo mashine nyingi za kizazi cha nne kurudi nyuma hazina.

Kwa hivyo, asiye na mashine bado ni heri atafute kasha pana lenye pawa saplai ya kawaida na madabodi ya AM4 ya AMD, hata akianza na kadi dhaifu. Aliyekwisha kununua aifungue kabla ya kupanda basi, asome wati kwenye kibandiko cha pawa saplai, apime nafasi ya kadi kwa rula na kunakili namba ya madabodi. Muuzaji aulizwe jambo moja kwanza: je, kadi hii ina tundu la waya wa umeme?