Hakuna Aliyetuibia Oscar

Kila mwaka, kwa kawaida kati ya Februari na Machi, wapenzi wa filamu wa Rusizi, kuanzia Kamembe hadi vilima vya Nkanka vinavyotazama Ziwa Kivu, hupata sababu ya kukesha: usiku wa tuzo za Oscar. Los Angeles bado ni jioni wakati huku saa nane au saa tisa za usiku zinagonga, na anayebaki macho mbele ya televisheni huamini kwamba anashuhudia hukumu: dunia imezipima filamu zake za mwaka, na sasa iliyo bora kuliko zote inatajwa. Kunapopambazuka huanza manung'uniko. Huyu kaibiwa, yule kapendelewa, filamu ile haikustahili hata kuteuliwa. Anayenung'unika hivyo hujiona mpinzani wa Oscar, kumbe ni muumini wake mkubwa, maana huwezi kulia kwamba umeibiwa kombe kama hukuamini tangu mwanzo kwamba na wewe ulikuwa uwanjani. Imani hiyo, kwamba Oscar ndiyo mizani ya ubora wa filamu duniani, haina msingi, na kwa Mnyarwanda ushahidi uko karibu sana.

Tuanze na wenye tuzo. Akademi ya Filamu ya Marekani iliasisiwa mwaka 1927 na wakubwa wa Hollywood, mstari wa mbele akiwa Louis B. Mayer wa kampuni ya MGM. Tuzo za kwanza zilitolewa mwaka 1929 katika chakula cha usiku hotelini, na ugawaji wenyewe ulichukua kama robo saa. Televisheni iliingia mwaka 1953, na ndiyo iliyoifanya shughuli ya watu wa kazi moja ionekane mkutano wa walimwengu. Wavuvi wa sambaza wa Nkanka wakiamua kumchagua mvuvi wao bora wa mwaka, wana haki kamili. Lakini hakuna atakayedhani wamempata mvuvi bora wa Ziwa Kivu lote, sembuse Tanganyika. Leo wapigakura wa Akademi ni kama 10,000, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa sekta hiyo hiyo ya Marekani. Na kuna jambo ambalo lingepaswa kumtosha yeyote anayekesha: ni mwaka 2025 tu ndipo Akademi ilipotangaza kwamba mwanachama lazima awe ametazama filamu zote zilizoteuliwa katika kundi fulani kabla ya kulipigia kura ya mwisho. Miaka yote hiyo kabla yake, sharti hilo halikuwa la jumla.

Sasa tazama jinsi Rwanda ilivyoingia ukumbini. Februari 2005, Hotel Rwanda ya Terry George iliwania tuzo tatu: Don Cheadle kama mwigizaji bora wa kiume, Sophie Okonedo kama mwigizaji bora msaidizi wa kike, na mswada wa filamu. Haikupata hata moja, na wapo wanaolisimulia jambo hilo kana kwamba Rwanda ilidhulumiwa usiku ule. Rwanda ipi? Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini, kwa Kiingereza, na wahusika wakuu wakaigizwa na Mmarekani na Mwingereza. Mwaka huo huo ilitoka Sometimes in April ya Raoul Peck, mwongozaji kutoka Haiti, kuhusu mauaji yale yale ya kimbari, nayo ilipigwa ndani ya Rwanda. Hiyo Oscar haikuipima kabisa. Iliandaliwa na HBO kwa ajili ya televisheni, na kanuni hazikuiruhusu kuingia. Filamu mbili, msiba mmoja, na kilichozitenganisha kabla ya jaji yeyote kufungua macho ni njia ya usambazaji. Mtu anaweza kuipenda zaidi ya kwanza, mwingine ya pili. Oscar haina la kutuambia juu ya ulinganisho huo.

Kanuni za kuingia zinaamua zaidi ya watu wanavyodhani. Ili kuwania tuzo ya Filamu Bora, filamu lazima kwanza ionyeshwe siku saba mfululizo kwenye sinema za kulipia katika mojawapo ya maeneo machache ya miji mikubwa ya Marekani. Maonyesho ya Kigali, Bukavu au Dar es Salaam hayahesabiki katika sharti hilo. Nchi nyingine zimewekewa kundi lao la filamu ya kimataifa, ambako kila nchi hutuma filamu moja tu, tena isitawaliwe na Kiingereza. Mwaka 2019 Nigeria ilituma Lionheart ya Genevieve Nnaji ikaenguliwa kwa sababu wahusika wanazungumza Kiingereza mno, kana kwamba Wanigeria walijichagulia wenyewe lugha ya mkoloni. Katika historia yote ya kundi hilo, filamu tatu tu zilizotumwa na nchi za Afrika zimeshinda: Z ya Algeria, Black and White in Color ya Ivory Coast na Tsotsi ya Afrika Kusini. Mbili za kwanza ziliongozwa na watu wa Ulaya, Costa-Gavras na Jean-Jacques Annaud.

Nitaambiwa hizi ni sizitaki mbichi. Parasite ya Korea Kusini haikushinda Filamu Bora mwaka 2020? Ilishinda, na ilistahili sifa zote. Lakini ilikuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kufanya hivyo, katika sherehe ya 92, baada ya kusambazwa na kufanyiwa kampeni ndefu Marekani. Mlango uliofunguka mara moja katika sherehe 92 hauthibitishi kwamba nyumba ni ya wote. Hoja nzito zaidi ni ile ya riziki: tuzo hufungua milango, na mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya alipoibeba mwaka 2014 njia yake ilipanuka. Hilo sibishani nalo. Msanii wa Kigali anayeitaka Oscar ana haki ya kuihangaikia kama mfanyabiashara anavyohangaikia soko kubwa. Ila bei ya sokoni na ubora wa kazi ni mambo mawili, na mtazamaji wa Nkanka, ambaye hauzi chochote Hollywood, hana sababu ya kuyachanganya.

Kinachouma ni kile kinachofunikwa na mkesha huo. Tarehe 24 Februari 2019 Oscar iliipa Green Book tuzo ya Filamu Bora. Siku sita baadaye, tarehe 2 Machi, huko Ouagadougou, Burkina Faso, tamasha la filamu za Afrika la FESPACO lilimkabidhi Joel Karekezi wa Rwanda tuzo yake kuu, Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, kwa filamu ya The Mercy of the Jungle. Ni kisa cha askari wawili wa Rwanda waliopotea katika misitu ya Kivu wakati wa vita vya Kongo, yaani ng'ambo ya maji haya haya. Nani kati ya wanaokumbuka kofi la Will Smith jukwaani mwa Oscar mwaka 2022 anaikumbuka tarehe hiyo ya Ouagadougou?

Kuna atakayesema FESPACO nayo ni majaji tu, wenye mapenzi na chuki zao. Naam, na jopo lao linaweza kukosea. Lakini ni watu wachache wanaojulikana kwa majina, wanaoketi kutazama filamu zinazoshindana, na filamu ya Afrika haihitaji sinema ya New York ili isikilizwe pale.

Isitoshe, huku kwetu ladha haijawahi kungoja bahasha. Waliojaza vibanda vya video kusikiliza agasobanuye, sauti ya marehemu Yanga au ya Junior Giti ikiwasimulia kwa Kinyarwanda filamu za mapigano za kutoka mbali, hawakuuliza kwanza filamu ilipata tuzo gani. Waliuliza kama inasisimua, na isiyosisimua iliondolewa. Unaweza kuilaumu ladha hiyo kwa mengi, lakini ni yao, na wanaitetea kwa hoja zao.

Anayependa nguo za zulia jekundu na akeshe, ni burudani halali. Lakini FESPACO hufanyika kila baada ya miaka miwili, na Rwanda ina vituo vya televisheni. Virushe usiku wa kufunga tamasha hilo, na wiki hiyo hiyo viweke filamu ya Karekezi saa mbili usiku, wakati watu wa Nkanka hawajalala.