Swima: Chambo kinakufa kwa uzembe, si kwa bahati mbaya

Ndugu wavuvi wa ndoano hapa Swima, acheni kusingizia bahati mbaya. Samaki wa chambo wanakufa nyumbani kwa sababu mnawasonga ndani ya beseni moja, juani. Maji yakipata joto, hewa inapungua. Na maji yenye klorini yanawaua.

Kesho yake mnarudi ufukweni na chandarua, kile kilichogawiwa kuwakinga watoto na malaria, kukomba vichanga vya samaki. Ziwa Tanganyika litatulisha nini?

Mama aliyehama vita amenunua chambo kwa deni. Kikifa, watoto wake wanalala njaa. Wekeni samaki wachache, kivulini. Asubuhi na jioni toeni theluthi ya maji, mtie mapya ya ziwa. Hiyo inamshinda nani?